Mzee ana TUG ya sekunde 11 na Berg 51, lakini bado anaanguka. Hapa tunapima nini?

#1 Mizani_Ziwani, Kisumu

Habari za jioni wadau. Kuna jambo hapa linataka vichwa vingi.

Mzee wa miaka 74, anaishi Nyakach ya juu, kule kwenye miteremko. Ameanguka mara 3 katika miezi 4. Hatumii fimbo. Ana presha na kisukari. Kliniki amepimwa hivi: TUG (kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi) sekunde 11, Berg (kipimo cha usawa wa mwili) 51 kati ya 56, kuinuka na kuketi kwa sekunde 30 amefikisha mara 12. Kwenye karatasi hana neno. Kwao nyumbani anaokotwa chini.

Hoja yangu ni kwamba tunavipa vipimo hivi kazi visivyoiweza. Vinatuambia kama mtu anaweza kutembea sakafuni kwetu saa nne asubuhi, kuna mwanga, hana mzigo, na wa kumdaka yuko kando yake. Mwenye maelezo mengine alete.

#2 Sekunde_Nax, Nakuru

Kabla hatujakilaumu kipimo, tujue kilifanywaje. TUG iliyopimwa na watu wawili kwa mgonjwa mmoja inaweza kupishana sekunde 3 bila mgonjwa kubadilika chochote.

Kiti kiwe na mikono, na kimo chake hadi mahali pa kukalia kiwe kama sm 46. Kiti cha ofisi kilichoinuliwa kinamrahisishia kuinuka, na pale pa kuinuka ndipo udhaifu wa mapaja ungeonekana. Kile cha plastiki nacho kinabonyea katikati na kuteleza nyuma kwenye simiti iliyosuguliwa, basi kiegemeze ukutani. Mgongo uguse kiegemeo. Mita 3 zipimwe kwa tepu, si kwa hatua za fizio. Bandika mstari sakafuni. Ukiweka koni, anayeizunguka anatembea zaidi ya anayegeukia mstarini, kwa hiyo chagua kimoja na usibadilishe kati ya ziara na ziara.

Saa inaanza kwenye neno "nenda", si makalio yanapoachana na kiti. Mgonjwa akikawia kuanza, huko kukawia ndiyo habari yenyewe na wewe umeitupa. Inasimama akishaketi tena. Raundi ya kwanza ni ya kujaribu, haihesabiwi. Atembee mwendo wake wa kawaida na viatu vyake vya kila siku. Ukimwambia "haraka mzee" umepima kitu kingine.

Alivaa nini miguuni siku hiyo?

#3 SistaWaZamu, Kakamega

Mimi najua mpaka wa TUG ni sekunde 14, kwa hiyo 11 ni nzuri hata ikikosewa kidogo. Mpimeni na Tinetti, ile nyingine ya alama 56, inaangalia mwendo vizuri zaidi.

#4 Nyayo_Mbale, Vihiga

Sista, Tinetti ni 28: usawa 16, mwendo 12. 18 kushuka ni hatari kubwa, 19 hadi 23 ya kati, 24 kupanda ni ndogo. 56 ni ya Berg.

Na mpaka wa TUG si mmoja. Sekunde 13.5, ambayo wengi wanaikamilisha kuwa 14, ilitoka kwenye utafiti wa Shumway-Cook na wenzake wa mwaka 2000. Watu walikuwa 30 tu: 15 walioanguka mara 2 au zaidi, na 15 ambao hawajaanguka. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inahesabu kuanzia 12. Mwongozo wa dunia wa 2022 wa kuzuia kuanguka kwa wazee unasema zaidi ya 15. Mtu wa sekunde 13 yuko hatarini kwenye jedwali moja na salama kwenye jingine, na miguu ni ileile. Siwezi kuuchukua mpaka kama ukuta.

Ila jambo kubwa ambalo #1 hajaligusa ni hili: Berg haina hata kipengele kimoja cha kutembea. Pitia vyote 14. Kuinuka, kusimama dakika 2, kuketi bila kuegemea, kuketi kutoka kusimama, kuhama kiti, kufumba macho, miguu pamoja, kunyoosha mkono mbele, kuokota kitu, kutazama nyuma, kuzunguka, kugusa kistuli kwa mguu, mguu mmoja mbele ya mwingine, kusimama kwa mguu mmoja. Mwendo uko wapi? Mtu anayeangukia njiani anaweza kupata 51 bila kumdanganya yeyote.

Mpime DGI, kipimo cha usawa akiwa kwenye mwendo. Vipengele 8, kila kimoja 0 hadi 3, jumla 24, na 19 kushuka ni dalili ya hatari. Humo anatembea akigeuza kichwa, akivuka kizuizi, akibadili kasi, akipanda ngazi.

#5 Tabibu_Ahero, Kisumu

Mnazungumza sekunde na alama, hakuna aliyeuliza dawa wala presha ya kusimama. Alale dakika 5, upime. Asimame, upime dakika ya 1 na ya 3 akiwa bado wima. Ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, una jibu ambalo TUG haitakupa hata uirudie mara mia. Kosa la kawaida ni kumpima ameketi kisha amesimama, kwa sababu mashine iko mezani na kitanda kiko chumba kingine. Kutoka kuketi presha haishuki kama kutoka kulala, na wengi wanaponyoka hapo.

Mizani, anameza nini? Na alianguka saa ngapi, wapi, akifanya nini? Hayo matatu yaandikwe kabla ya tepu kutoka mfukoni.

#6 Mizani_Ziwani, Kisumu

Asanteni. Viatu: siku ya kipimo alikuja na viatu vya ngozi vya kamba, vya kanisani. Nyumbani anavaa patapata. Sekunde_Nax, hapo umenishika.

Dawa: amlodipine 10 mg, hydrochlorothiazide 25 mg, metformin ya kisukari kwa zaidi ya miaka 8, na amitriptyline 25 mg usiku kwa sababu ya miguu kuwaka moto.

Kuanguka kwa kwanza: saa kumi alfajiri, akienda choo cha nje. Kwa pili: akiteremka kutoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Kwa tatu: kanisani, amesimama, akageuka kumsalimia mtu wa nyuma. Alipimwa presha ameketi tu.

#7 Tabibu_Ahero, Kisumu

Basi uzi umeisha mapema. Dawa mbili za presha, moja ikiwa ya kukojoza, na amitriptyline juu yake usiku. Amitriptyline peke yake inashusha presha ya kusimama na kuleta usingizi mzito. Saa kumi alfajiri kibofu kimejaa, mwili umelala kwa muda wa saa saba, anainuka kwa mara moja. Presha inashuka kabla hajafika mlangoni.

Asiachishwe dawa ghafla. Ipunguzwe au ibadilishwe moja kwa wakati, kisha apimwe tena akiwa wima. Ukibadilisha tatu kwa siku moja hutajua ni ipi iliyomwangusha.

#8 Ganzi_Siyo_Uzee, Siaya

Haujaisha. Presha inaeleza ule wa alfajiri. Inaelezaje ule wa majani ya ng'ombe mchana, mtu ameshatembea kwa nusu saa?

Huyu ana kisukari na miguu inawaka. Nyayo zake hazimwambii ardhi iko wapi. Sakafuni kwenu anatumia macho badala ya nyayo na anapata 51. Mnyime macho, iwe giza la alfajiri au mzigo wa majani unaomzuia kuona miguu yake, na hana kitu cha kushika. Metformin kwa miaka mingi nayo inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo unaharibu mishipa ileile ya fahamu ya nyayo.

Mpime hivi. Monofilamenti ya gramu 10, ule uzi wa plastiki wa kupimia hisia: igusishe ngozi hadi ijipinde, sekunde 1 hadi 2, mgonjwa amefumba macho, na usiiweke juu ya sugu. Uma wa kutetemesha wa 128 Hz kwenye kiungo cha kidole gumba cha mguu: aseme mtetemo ulipokwisha, kisha uhamishie kidoleni mwako. Ukiusikia bado unatetemeka vizuri, yeye amepoteza. Kisha Romberg: miguu pamoja, macho wazi sekunde 30, halafu afumbe. Kuyumba kidogo ni kawaida kwa kila mtu. Unachotafuta ni kusogeza mguu au kuanza kuanguka pale tu anapofumba. Simama karibu, mikono imemzunguka bila kumgusa.

Kwa ukanda wetu ongezeni maswali mawili: VVU, na dawa ya kukinga TB. Dawa hiyo ya TB, INH, bila vitamini B6 inaleta ganzi, na wapo waliotumia stavudine, dawa ya VVU ya miaka ile, ambao ganzi yao haijaondoka hadi leo. Mvueni soksi pia. Funza kati ya vidole au kucha iliyoingia nyama inabadilisha mwendo kuliko ugonjwa wowote wa kitabuni.

#9 Sikio_la_Ndani, Bungoma

Mnapita juu ya ule wa kanisani. Amesimama, hana mzigo, kuna mwanga, kageuza kichwa tu, kaanguka. Huko ni kwenye sikio la ndani.

Na neno "kizunguzungu" linatupoteza sote. Mgonjwa mmoja analitumia nyumba inapozunguka, mwingine macho yanapoingia giza kama anayetaka kuzirai, wa tatu anapohisi miguu haishiki ardhi. Ni magonjwa matatu tofauti, neno moja. Usiandike "ana kizunguzungu" ukafunga faili. Muulize: vitu vinazunguka, au giza linaingia, au unayumba kama uliye ndani ya mtumbwi? Kando ya ziwa huo mfano wa mtumbwi unaeleweka mara moja.

Mfanyieni Dix-Hallpike, kipimo cha vijiwe vilivyohama ndani ya sikio. Aketi kitandani, kichwa kigeuzwe digrii 45 upande mmoja, kisha umlaze haraka kichwa kikining'inia kama digrii 20 chini ya ukingo. Macho wazi. Subiri, dalili haiji papo hapo, inaweza kuchukua sekunde kadhaa. Macho yakianza kuchezacheza kwa kujizungusha, na mgonjwa akasema dunia inazunguka, umempata. Usimfanyie mwenye shingo mbovu.

#10 Tabibu_Ahero, Kisumu

Sikio, Dix-Hallpike naikubali, lakini vijiwe vya sikioni kwa kawaida vinaamka mtu anapolala, anapojigeuza kitandani, anapoinama au kutazama juu. Kugeuza kichwa kulia na kushoto ukiwa wima si hadithi yao ya kawaida. Na katika misa mtu anaweza kuwa amesimama dakika 15 bila kusogea. Damu inashuka miguuni. Narudi palepale kwangu.

#11 Sikio_la_Ndani, Bungoma

Sikusema ni vijiwe pekee. Sikio linaweza kuwa limedhoofika tu bila vijiwe. Mtembeze mita 6 ukimwambia "tazama kulia, tazama kushoto". Akianza kuchora nyoka njiani au kupunguza mwendo ghafla, umeona unachotafuta. Ndicho kipengele cha DGI alichotaja Nyayo.

#12 Mwaka_wa_Tatu, Nakuru

Samahani wakubwa, swali dogo. Mnaposema "simama karibu", mnasimama wapi hasa? Na kama mkanda wa kumshikia haupo?

#13 Sekunde_Nax, Nakuru

Swali si dogo, wengi wanasimama mahali pabaya. Simama nusu hatua nyuma yake, upande ulio dhaifu. Aliyepooza upande wa kushoto kwa kiharusi, wewe uko kushoto. Mkono mmoja kiunoni kwenye mkanda, kiganja kimetazama juu, mwingine wazi mbele ya bega bila kugusa. Usimshike mkono, kwa sababu akianguka utang'oa bega na hutamzuia. Usitangulie mbele yake ukirudi kinyumenyume, na usitembee sambamba naye, maana ataufuata mwendo wako na utakuwa umepima kasi yako.

Mkanda ukikosekana, leso iliyokunjwa mara kadhaa kwa urefu ikafungwa kiunoni inasaidia. Akizidiwa usipambane kumwinua. Mvute kwako, weka mguu mmoja mbele, mteremshe kwenye paja lako taratibu hadi chini. Kiti cha pili kiwe kando ya njia, pale inapofika nusu.

#14 Nyayo_Mbale, Vihiga

Leso siiungi mkono. Fundo linateleza, na kitambaa kinapanda hadi kifuani ndani ya hatua tano. Mkanda wa kitambaa kigumu wa upana wa sm 5 wenye bizimu, fundi viatu anaushona kwa muda mfupi.

#15 Sekunde_Nax, Nakuru

Sawa, fundi viatu ni bora. Nimesema ukikosekana.

Mizani, rudi kwenye Berg. Jumla ya 51 hainisaidii. Zile 5 zilipotelea wapi?

#16 Mizani_Ziwani, Kisumu

Kuzunguka digrii 360 alipata 3: kulia alimaliza ndani ya sekunde 4, kushoto alizidisha. Mguu mmoja mbele ya mwingine 2, yaani aliweza hatua ndogo tu akaishikilia sekunde 30. Kusimama kwa mguu mmoja 2, alishikilia sekunde 4. Vingine vyote kamili.

#17 Sekunde_Nax, Nakuru

Basi mzee amekwambia kila kitu, jumla ndiyo iliyomziba mdomo. Kipengele cha mguu mmoja mbele ya mwingine na kile cha kusimama kwa mguu mmoja vimeanguka, na kugeuka kushoto ni kuzito. Njia ya mteremko ni mfululizo wa kusimama kwa mguu mmoja. Mpime kwa hatua nne za CDC, sekunde 10 kila moja: miguu sambamba, upinde wa ndani wa mguu mmoja ukigusa kidole gumba cha mwingine, kisigino mbele ya vidole, mguu mmoja. Asiyefikisha 10 kwenye ile ya tatu yuko hatarini. Dakika moja na nusu, huhitaji kiti.

Zile mara 12 za kuinuka nazo: kwa mwanamume wa 70 hadi 74, chini ya 12 ndiyo dhaifu. Yeye yuko mstarini kabisa. Na kama alitumia mikono hata mara moja, kwa kanuni ni sifuri. Mikono ilikuwa imekunjwa kifuani?

#18 Mizani_Ziwani, Kisumu

Ilikunjwa. Ila kiti kilikuwa cha sm 46, kile cha TUG. Cha kipimo hiki kinatakiwa sm 43. Sikubadilisha kiti.

#19 Sekunde_Nax, Nakuru

Sm 3 kwa paja la miaka 74 si kidogo. Kwenye kiti sahihi nadhani hafiki 12.

#20 Hatua_Mbili, Kisumu

Ngojeni, kugeuka kushoto kuzito kunanishtua. Mlihesabu hatua za kugeuka kwenye TUG? Anageuka kwa mhimili mmoja, au kwa vihatua vingi kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja kama ubao? Mikono inapunga sawasawa? Mkono mmoja ukining'inia bila kupunga, mfikirieni ugonjwa wa Parkinson mapema, hata bila kutetemeka. Msimame nyuma yake, mmwambie mtakachofanya, mvute mabega kwa ghafla mara moja. Hatua moja au mbili za kujirudisha ni sawa. Kuanzia 3 kwenda juu, au kuanguka kama gogo, si sawa. Ukuta uwe nyuma yenu na wewe uwe tayari, maana wengine hawachukui hata hatua.

Ila hoja yangu kubwa ni ya mzigo na mazungumzo. Wasweden walionyesha mwaka 1997 kwamba mzee anayesimama ili akujibu ndiye anayeanguka zaidi baadaye. Rudieni TUG akiwa amebeba glasi ya maji. Ikizidi ile ya kawaida kwa sekunde 4.5 au zaidi, umakini wake wote umekwenda kwenye miguu. Au mpe kazi ya kichwa. Vitabu vinasema ahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu, lakini mzee asiyezoea hesabu utakuwa umempima shule. Ataje wanyama wa nyumbani, au siku za soko za eneo lake. Na afanye kwanza ameketi, ujue hali yake kabla ya kutembea.

#21 Ganzi_Siyo_Uzee, Siaya

Asiyehisi nyayo naye hutumia umakini wake wote kwenye miguu. Kwa hiyo kipimo chako kikitoka kibaya kitakuwa kinanipa haki mimi.

#22 Hatua_Mbili, Kisumu

Au kinampa haki Tabibu, maana amitriptyline inapunguza umakini. Ndiyo maana sisemi nimeshinda.

#23 SistaWaZamu, Kakamega

Asante Nyayo kwa marekebisho ya Tinetti. Wodini sisi tunatumia Morse, alama za kutabiri nani ataanguka: ameanguka karibuni 25, ugonjwa wa pili 15, fimbo au magongo 15 na anayejishikilia vitanda na meza 30, dripu 20, mwendo dhaifu 10 au mbovu 20, asiyejua uwezo wake 15. 45 kwenda juu tunaita hatari kubwa. Je, ni bure?

#24 Nyayo_Mbale, Vihiga

Si bure, lakini haitoshi. Waingereza kupitia NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, tangu 2013 wanasema msitumie alama za kutabiri wodini: kila aliyefika miaka 65 mchukulie yuko hatarini, kisha tafuta kinachoweza kurekebishwa kwake. Sababu unaijua kuliko mimi, Sista. Wodi ya wazee, ukipiga Morse, karibu kila kitanda kinafika 45. Bango jekundu likiwa kila kitanda haliambii mtu kitu.

Cha kuangalia usiku ni safari ya msalani. Kitanda kishushwe hadi nyayo ziguse sakafu, chombo cha haja ndogo kiwe upande wa mkono wenye nguvu, maji yafutwe, na vyuma vya kando visiinuliwe kwa mtu anayeweza kuvipanda. Akivipanda anaanguka kutoka juu zaidi.

#25 OT_Mlangoni, Kisii

Wadau, nyote mko kliniki. Twendeni kwenye njia ya choo. Pimeni kutoka kitandani hadi mlango wa choo: mita ngapi, vizingiti vingapi, mteremko uko wapi, mwanga unatoka wapi, mkono unashika nini. Kizingiti cha sm 10 gizani ukiwa na patapata ni mtego. Patapata inashikwa na vidole, na mwenye ganzi hajui kama imevuka au imebaki nyuma. Viatu vya nyuma iliyofungwa, soli nyembamba isiyoteleza, si sponji nene.

Gharama ndogo kwanza. Taa ya sola karibu na mto, si mlangoni. Kopo la mkojo chini ya kitanda ili safari ya saa kumi isiwepo. Nguzo mbili na upau wa mti njiani, upau ukiwa kwenye kimo cha kifundo cha mkono wake akisimama. Chooni kishikio ukutani au kiti chenye tundu, kwa sababu kuchuchumaa na kuinuka kunataka nguvu kuliko kipimo chochote mlichotaja. Kipande cha mteremko kikatwe vidaraja, kila kimoja kisizidi sm 15.

Na swali la "umeanguka?" halitoshi. Mtu atasema "nilijikwaa tu", "niliteleza kwa matope", na kwake huko si kuanguka. Muulize: umewahi kujikuta chini bila kupenda, hata kwa magoti au mikono, tangu mavuno yaliyopita? Hesabu inapanda papo hapo.

#26 Kijiji_kwa_Kijiji, Busia

Sisi wahamasishaji wa afya ya jamii hatuna monofilamenti wala kistuli. Tunaweza nini mlangoni kwa mtu?

#27 Nyayo_Mbale, Vihiga

Mengi tu. Maswali matatu: umeanguka katika miezi 12 iliyopita? Unahisi huna uthabiti ukisimama au kutembea? Unaogopa kuanguka? "Ndiyo" moja inatosha kuendelea. Kisha kamba ya mita 4 yenye fundo kila mwisho, na mita moja ya ziada kabla na baada ili aingie na kutoka akiwa kwenye mwendo wake. Simu ina saa. Zaidi ya sekunde 5 kwa mita 4 maana yake kasi iko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, mpeleke kituoni. Mtembeze uani kwake, si barabarani penye boda.

#28 Gongo_na_Raba, Nakuru

Kabla mtu hajamkimbizia fimbo: fimbo isiyo kimo chake inaangusha. Avae viatu vyake, mikono ining'inie, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kipinde digrii 20 hadi 30. Inashikwa mkono wa upande mzima, na inakwenda pamoja na mguu mbovu. Nusu ya wanaopita kliniki wanaishika upande wa mguu mbovu kwa sababu inaonekana ndiyo akili.

Raba ya chini ikilika hadi michirizi iishe, badilisha. Nyingi ni za mm 19 au 22, pima bomba kabla ya kununua. Ya kukata kwenye tairi kuukuu inafaa kama uso wake ni bapa. Ya mviringo inateleza kwenye simiti yenye maji. Na woka ya magurudumu msimpelekee mtu wa Nyakach, kwenye changarawe magurudumu yanakwama naye anaendelea mbele.

#29 Mizani_Ziwani, Kisumu

Nimerudi na baadhi ya majibu. Presha: amelala 148/84, dakika ya 1 132/80, dakika ya 3 126/78. Hakusema anahisi chochote. Monofilamenti: kati ya pointi 10 za mguu wa kulia hakuhisi 4, kushoto 5. Romberg alisogeza mguu sekunde ya 12 baada ya kufumba. Dix-Hallpike pande zote mbili hakuna kitu. Alipotembea akigeuza kichwa alipunguza mwendo lakini hakutoka njiani. TUG na patapata sekunde 13, na glasi ya maji 16. Hatua za kugeuka 5, mikono inapunga sawa.

#30 Tabibu_Ahero, Kisumu

22 chini kwenye dakika ya 3. Nilisema. Na kutohisi chochote ni kawaida kwao, ndiyo maana hawalalamiki hadi wako chini.

#31 Ganzi_Siyo_Uzee, Siaya

Pointi 9 kati ya 20 hazipo, na Romberg ni chanya. Halafu kisukari kinachoua mishipa ya fahamu ya nyayo kinaua na ile ya fahamu inayobana mishipa ya damu anaposimama. Huenda presha yako Tabibu imetoka mlangoni kwangu. Apimwe B12.

#32 Sikio_la_Ndani, Bungoma

Vijiwe navitoa. Kupunguza mwendo kwenye kugeuza kichwa sikutoi.

#33 Hatua_Mbili, Kisumu

13 na 16, tofauti ni 3 tu, haifiki 4.5. Lakini glasi si mzigo wa majani. Arudie akiwa na gunia lililojazwa matambara, limemziba miguu. Gunia halina mpaka ulioandikwa popote, mtalinganisha yeye na yeye.

#34 OT_Mlangoni, Kisii

Na iwe nje, kwenye mteremko wa kweli, asubuhi moja na jioni moja, baada ya dawa na kabla ya dawa. Mizani, miwani yake ni ya sehemu mbili? Akishusha macho kutazama njia, ile sehemu ya kusomea inaifanya ardhi iwe ukungu.

#35 Mizani_Ziwani, Kisumu

Ni ya sehemu mbili. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Nampigia mwanawe aje nayo Jumatano, na gunia.